Jinsi ya kuzielewa nadharia za makuzi ya binadamu bila kukariri jedwali

Kama umewahi kukesha na hatua nne za mwanasaikolojia Piaget na hatua nane za mwenzie Erikson, alafu kwenye mtihani ukaandika za Piaget kwenye swali la Erikson, karibu, mi mwenyewe yalinikuta. Shida haikuwa kichwa. Nilikuwa nazisoma kama zote zinajibu swali moja, kumbe kila mmoja wao alikuwa na swali lake na ya mwenzie wala hayakumsumbua.

Kwahiyo cha kwanza, acha umri kabisa. Chukua karatasi uandike swali la kila mtu kwa maneno yako. Piaget: mtoto anafikiri vipi? Vygotsky: ni nani anamfikisha pale asipofika peke yake? Bowlby: akiogopa anamkimbilia nani? Kohlberg: anasema hiki kibaya kwa sababu gani? Erikson: umri huu anahangaika na nini kati yake na watu? Baltes: miaka inavyoenda anapata nini na anapoteza nini? Karatasi hiyo usiitupe.

Sasa tafuta mtoto wa miaka minne au mitano hivi, wa ndugu au wa jirani, ila mzazi wake ajue. Weka glasi mbili zinazofanana, maji sawa, mpaka mtoto mwenyewe akubali ni sawa, alafu maji ya glasi moja yamimine mbele ya macho yake kwenye glasi ndefu nyembamba. Muulize, zinalingana au kuna yenye mengi? Wengi wa umri huo watakuonyesha ile ndefu. Usicheke na usimsahihishe, muulize tu "umejuaje?", maana utamu wote uko kwenye sababu. Piaget mwenyewe alianzia hapohapo, akiwa kijana alikuwa Paris anashughulika na majaribio ya akili ya watoto, akaona majibu ya makosa yanafanana fanana kwa watoto wa umri mmoja, yaani hawakosei ovyo, wana mantiki yao. Ukishaliona hilo kwa macho yako hutahitaji tena kukariri kwamba kabla ya miaka 7 mtoto anashika jambo moja tu kwa wakati, hapa urefu, upana anausahau.

Ila angalizo, usiulize swali lilelile mara mbilimbili. Mtoto akiulizwa tena anahisi la kwanza alikosea, anabadilisha jibu ili akuridhishe wewe mkubwa, na hilo ni moja ya lawama anazotupiwa Piaget mpaka leo. Nyingine ni kwamba aliwadharau wachanga: alisema mtoto anaanza kutafuta kitu kilichofichwa akiwa na miezi 8 hivi, lakini mwaka 1985 Renée Baillargeon na wenzake walionyesha watoto wa miezi mitano tu wanakodoa macho muda mrefu zaidi wakiona jambo lisilowezekana kwa kitu kilichofichwa, yaani wanajua kitu bado kipo hata kama hawakioni. Kwahiyo mpangilio wa hatua ushike, miaka ichukulie kama makadirio.

Mtoto huyohuyo siku nyingine mpe fumbo la kupanga vipande lililomzidi kidogo, ukae nae. Anza na kidokezo kidogo kabisa, "hebu angalia rangi", asipoweza ongeza kidogo, na kidogo tena. Pale anapoweza kwa msaada wako na peke yake hawezi, hapo ndo Vygotsky anapopapenda, na anasema mtoto anakua akipaelekea hapo. Jamaa alikufa 1934 ana miaka 37 tu, inauma. Alafu wengi wanapoteza alama kwenye jambo moja, lile neno la kiunzi, zile mbao wanazopandia mafundi alafu wanaziondoa jengo likisimama, kama msaada wako unavyopungua mtoto akiweza, sio la Vygotsky, lililetwa na Wood, Bruner na Ross mwaka 1976.

Bowlby na mwenzie Mary Ainsworth usiwafanyie majaribio nyumbani, tafadhali. Lile jaribio la mama kutoka chumbani ni la watoto wa mwaka mmoja hivi na linasomwa na watu waliofunzwa. We jua tu kosa la kawaida: watu wanaangalia kilio mama akitoka, wakati kinachoangaliwa zaidi ni mama akirudi, mtoto anamfuata na kutulia, au anamkwepa, au anamng'ang'ania huku anamsukuma.

Kohlberg fupi tu. Usiangalie mtu kajibu ndio au hapana kwenye kisa cha mume anayeiba dawa ili amponye mkewe mgonjwa, angalia sababu. Na kumbuka utafiti wake ulianza na wavulana peke yao, jambo ambalo Carol Gilligan alilikosoa vikali mwaka 1982.

Erikson sasa. Huyu ndo wa maisha yote, na njia rahisi ya kumkumbuka ni maisha yake: baba yake mzazi hakuwahi kumjua, akakua na jina la baba wa kambo, ukubwani Marekani akajipa jina Erikson mwenyewe. Unashangaa nini sasa akisema kazi ya ujana ni kujua mimi ni nani? Kosa ni kuzifanya hatua zake ratiba, kwamba ukifika 40 basi swali la utambulisho limefungwa. Halifungwi, mtu akipoteza kazi linarudi. Kaa na mzee, muombe akusimulie maisha yake toka mwanzo, usimkatize, usikilize ni wapi anasema "ningejua" na ni wapi anacheka kosa lake mwenyewe. Mvutano wa hatua ya nane, kati ya kuridhika na maisha uliyoishi na kuyajutia, uko hapo hapo.

Na ukiwa na mzee huyo ongezea swali la Baltes, maana yeye alikataa kwamba uzee ni kuporomoka tu. Mfano wake maarufu ni mpiga piano Arthur Rubinstein, ambae uzeeni alipunguza nyimbo za kupiga, akazifanyia mazoezi zaidi hizo chache, na kabla ya sehemu za kasi akawa anapiga polepole makusudi ili kasi isikike kubwa kuliko ilivyo. Kuchagua, kuboresha, kufidia. Muulize mzee wako ameacha nini na sasa anafanyaje kile kinachomshinda, utapata yote matatu bila yeye kujua jina lolote la nadharia.

Freud nimemruka makusudi. Kama yumo kwenye silabasi yako mpe siku yake, kwake hatua ya mwisho inaanza kubalehe na sisi mtu wetu tulitaka kumfuata mpaka mvi.