Densiti umeitoa wapi? Kulinganisha utabiri na safari ya chombo kinachorudi duniani

Jioni moja Sinza, kijana ninayemfundisha alinifungulia Excel yake: nguvu za hewa kwenye chombo cha anga kinachorudi duniani, zilizotabiriwa kabla na zilizopimwa safarini. Mstari wa utabiri huku, wa safari kule, imeachana kama abiria waliokosana bei. "Mwalimu, utabiri ulikosea." Nikamuuliza: densiti ya hewa (masi yake kwa kila mita ya ujazo) umeitoa wapi? Kimya.

Nami niliwahi kuangukia hapohapo, kwa hiyo sikumcheka. Usianze na ukinzani, yaani nguvu ya hewa inayosukuma chombo nyuma. Anza na uwiano: nguvu ya kunyanyua igawanye kwa ukinzani. Ukitoa kiganja dirishani kwenye daladala (konda akikuona shauri yako), ukikiinua kidogo tu upande wa mbele kinapanda na kusukumwa nyuma, na hewa inayofanya yote mawili ni ileile. Basi ukigawanya, densiti inajifuta. Unahitaji vipimo vya mchapuko na pembe ya chombo dhidi ya upepo, basi. Uwiano ukikubaliana na utabiri huku ukinzani ukikataa, shuku hewa kwanza, chombo baadaye.

Sasa ukinzani, kwa namba moja isiyo na kipimo: kizigeu cha ukinzani. Zidisha masi kwa mchapuko wa kurudi nyuma, ugawanye kwa nusu ya densiti mara mwendo kipeo cha pili mara eneo la mabawa. Namba za mazoezi: tani 88, mita 8 kwa sekunde kwa sekunde, mwendo kilomita 5 kwa sekunde, mita za mraba 250. Kwenye kimo cha kilomita 60 densiti ya kawaida ni kama 0.00031 kg kwa mita ya ujazo; kizigeu kinatoka 0.73. Puto za hali ya hewa huishia chini sana ya hapo, ndiyo maana densiti ya juu haiaminiki kirahisi.

Mwisho angalia msawazo wa pua, yaani kama inatulia bila kupanda wala kushuka. Usiuruke hata kama mengine yamekaa sawa. Columbia, chombo cha anga cha Marekani chenye mabawa, iliporudi mara ya kwanza, Aprili 1981, bapa la mkiani, chini ya injini, lililazimika kuinama takriban mara mbili ya ilivyotabiriwa ili pua isipande. Mahandaki ya upepo, yanayotumika kujaribia modeli za vyombo ardhini, hayakuweza kuiga hewa ya moto ule, ambayo molekuli zake huvunjika, wala mwendo wenyewe.

Kijana akarudi kwenye jedwali lake. Uwiano ulikubali. Kizigeu cha ukinzani alikuwa amepata 0.57; densiti aliisoma mstari wa kilomita 58 badala ya 60.