Kupima uwanja wa kuona kwa mikono na kifuniko cha biki

Papa mmoja wa Kadutu, Bukavu, alinisomea ubao wa herufi mpaka mstari wa chini, 10/10 kila jicho, kisha akainuka na kugonga bega kwenye mlango. Mke wake hakushtuka hata kidogo: "Kwetu ni kila siku, muganga. Juzi ameanguka kwenye ngazi." Ubao hupima katikati ya macho tu, kumbe kasoro yake ilikuwa pembeni. Ningeishia kwenye ubao, ningemrudisha nyumbani na aksanti. Naandika kwa wenzangu wa vituo vya afya ambako mashine ya kupima uwanja wa kuona haipo.

Uwanja wa kuona ni eneo lote ambalo jicho linaliona likiwa limetulia mahali pamoja. Jicho zima hufika karibu digrii 60 upande wa pua na juu, zaidi ya 70 chini, na 90 au zaidi upande wa sikio. Kwa mikono unalinganisha uwanja wa mgonjwa na wako, kwa hiyo hakikisha wako ni mzima.

Hatua ya 1. Kaeni uso kwa uso, umbali wa metre moja, macho yenu usawa mmoja. Dirisha lisiwe nyuma yako.

Hatua ya 2. Afunike jicho la kushoto kwa kiganja, si kwa vidole, maana vidole vinaacha nafasi na watu huchungulia bila kujua. Asilibonyeze. Wewe funga jicho lako la kulia. Ukimpima macho yote mawili pamoja umepoteza muda: jicho moja huficha kasoro ya lingine.

Hatua ya 3. Mwambie atazame jicho lako lililo wazi, asiliache. Muulize: "Uso wangu wote unauona? Kuna sehemu imepotea au ina ukungu?" Majibu ya hapa mara nyingi yanakuelekeza mapema.

Hatua ya 4. Onyesha vidole katikati ya umbali wenu, katika pembe nne: juu kulia, juu kushoto, chini kulia, chini kushoto. Tumia kimoja, viwili au vitano tu. Vitatu na vinne vinachanganya hata mzima. Vidole vitulie. Na hapa ndipo wengi tunaharibu: tunatazama mkono wetu wenyewe. Tazama jicho lake. Likikimbilia vidole, jibu hilo halihesabiwi, rudia.

Hatua ya 5. Chukua kifuniko chekundu cha biki. Kilete polepole kutoka nje kuelekea katikati, aseme anapoona *wekundu*, si anapoona kitu kinasogea. Kisha kiweke upande mmoja wa mstari wa katikati, halafu upande wa pili: wekundu ni uleule? Ukififia upande wa sikio kwa macho yote mawili, fikiria uvimbe kwenye pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo. Ukififia upande uleule kwa macho yote, kulia na kulia, tatizo liko nyuma zaidi, ndani ya ubongo, kama baada ya kiharusi.

Jaribu pia kutafuta doa kipofu, mahali mshipa wa jicho unapotokea: digrii 15 upande wa sikio, yaani kama sentimeta 13 kutoka katikati kifuniko kikiwa nusu metre kutoka jichoni. Kikipotea kwako na kwake pamoja, mnakwenda sawa.

Hatua ya 6. Chora miduara miwili kama mgonjwa anavyoona, jicho la kulia upande wa kulia. Tia kivuli panapokosekana.

Usiidharau njia hii kwa kuwa ni ya mikono. Jannik Bjerrum, daktari wa macho wa Denmark, alianza kupima uwanja wa kuona mwaka 1889 kwa mgongo wa mlango wa chumba chake. Bakuli la Goldmann, mashine ambayo mgonjwa hutazama taa ndani yake, lenye nusu kipenyo cha sentimeta 30, lilikuja 1945. Mashine za leo huwasha taa katika nukta 54, kwa programu iitwayo 24-2, na mgonjwa hubonyeza kitufe akiiona, lakini nazo hutupa taa ndani ya doa kipofu kukagua: akibonyeza, jicho limehama. Kazi ni ileile.

Maswali ya wenzangu

*Goma: Mtoto wa miaka mitatu hatulii. Nifanyeje?*
Mwenzako amshikilie macho kwa kitu mbele. Wewe leta kitu kingine kutoka nyuma ya sikio, kimya, bila mlio. Akigeuka, ameona.

*Lubumbashi: Sisi mashine tunayo, lakini mama wazee wanabonyeza ovyo.*
Wanaogopa kushindwa. Mwambie mapema: "Mama, taa nyingi hutaziona, hata mimi sizioni." Akichoka ashikilie kitufe, mashine nyingi husimama. Kope lililolala libandike juu. Karatasi ya kwanza usiiamini sana. Rudia siku nyingine.

*Uvira: Mgonjwa wa kifua kikuu anasema rangi zimefifia.*
Je, anameza ethambutol, mojawapo ya dawa za kifua kikuu? Vidole vya pembeni vinaweza kuwa sawa kabisa, kwa sababu dawa hiyo mara nyingi hupiga katikati. Weka kifuniko chekundu katikati kisha pembeni, jicho moja moja. Katikati pakififia, au herufi zimepungua, apelekwe kwa daktari wake leo leo. Asiache dawa zote mwenyewe.

*Bukavu: Mikono ikionyesha sawa, glakoma haipo?*
Si lazima, ndugu. Glakoma ni ugonjwa unaoharibu mshipa wa jicho, na inaweza kuwapo. Mikono hukamata hasara kubwa. Ya mwanzo huipita. Presha ya jicho ipimwe na mshipa utazamwe, hasa kama mzazi au ndugu wa mgonjwa anayo.

*Goma: Na yule papa?*
Alibakiwa na tundu dogo la kuonea katikati, macho yote mawili. Ni glakoma. Anaweka matone, yaliyopotea hayarudi. Ngazi za kwake anashuka mjukuu akitangulia hatua moja, mkono wa papa begani kwake.