Namna ya Kukadiria Joto la Dar es Salaam, la Leo na la Miaka Ijayo

Anayetaka kukadiria joto la mji aamue kwanza ni joto lipi analitafuta, kwa kuwa joto la paa, la hewa ya mtaani na la chumba anamolala mtoto hayalingani. Anza na picha za setilaiti za Landsat 8 na 9, ambazo hupakuliwa bure na kwa pamoja hupatikana kila baada ya siku 8. Katika QGIS, programu ya kutengenezea ramani, zidisha thamani za tabaka la joto la uso kwa 0.00341802, ongeza 149, kisha toa 273.15 ili upate nyuzi za Selsiasi. Picha zisizo na mawingu ni rahisi kupatikana wakati wa kusi, lakini joto linalotesa watu ni la Januari na Februari; usiridhike na picha ya Julai kwa sababu tu ni safi.

Setilaiti hizo hupita kabla ya saa tano asubuhi, nazo hupima uso wa vitu, si hewa. Zaidi ya hayo, bati jipya linalong'aa hutoa mionzi hafifu ya joto, hivyo Tandale au Manzese huweza kuonekana pana nafuu ilhali walio chini ya mabati hayo wanaungua. Kosa hili ni zito, kwa sababu huwaficha wale wanaoumia zaidi. Kabla ya kuiamini ramani, tundika vipimajoto kivulini, kimo cha mita 2 hivi, katika mitaa ya mabati na katika mitaa yenye miti kama Masaki, virekodi joto na unyevunyevu kila saa, usiku na mchana.

Kwa miaka ijayo, tumia modeli kadhaa za CMIP6, mradi wa kimataifa unaolinganisha modeli za kompyuta za tabianchi ya dunia. Kwa kila modeli, tafuta tofauti kati ya wastani wa 1995–2014 na ule wa 2041–2060, mwezi kwa mwezi, uiongeze kwenye kumbukumbu za kituo cha hali ya hewa, kwa SSP1-2.6 (dunia inayopunguza sana gesi zinazoongeza joto) na kwa SSP5-8.5 (dunia inayozidi kuzitoa kwa wingi). Modeli hizo huigawa dunia katika miraba, na katika nyingi kati yake mraba mmoja una upana wa kilomita 100 hivi au zaidi, yaani unaumeza mji mzima. Tofauti ya Tandale na Masaki lazima itoke kwenye vipimajoto vyako. Andika matokeo kwa kiwango cha chini na cha juu, na uhesabu pia usiku wenye joto, si mchana peke yake.