Saintpaulia ya Usambara: jinsi ya kuiotesha kwa jani moja

Ua hili la zambarau lina chavua ya manjano katikati na majani yenye vinyweleo kama mahameli. Madirishani mwa Ulaya limejaa kuliko Tanga lilikotoka. Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Usambara enzi za Wajerumani, alilipeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akaliita Saintpaulia ionantha. Siku hizi wataalamu wameliingiza katika jenasi ya Streptocarpus, ila wapanda maua wengi hawajaacha jina la zamani.

Porini huota kwenye mianya ya miamba yenye kivuli, mizizi ikishika tabaka jembamba la majani yaliyooza. Jamaa yake wa Kaloleni, Kilifi, hukaa kwenye mawe ya chokaa. Kwa hiyo usilipe udongo wa shamba. Changanya makopo 2 ya mboji ya majani iliyochekechwa, makopo 2 ya vumbi la makumbi na kopo 1 la mchanga mnene wa mtoni. Makumbi yaloweke usiku kucha na uyasuuze mara mbili tatu, maana huja na chumvi. Mchanga wa pwani usiuguse, kwa sababu hiyohiyo.

Usiung'oe mmea wa msituni, umebaki mchache. Omba jani kwa mwenye chungu. Chagua la mzunguko wa kati: la nje limezeeka, la moyoni bado changa. Likate kwa wembe safi, kikonyo kibaki sm 3, mkato uwe wa mshazari. Liache nusu saa mkato ukauke. Kisha chomeka kikonyo sm 1.5 tu katika kopo la mtindi lililotobolewa chini, jani likiwa limelala nyuzi 45 na uso wa mkato ukitazama juu, ili watoto wasichipukie chini ya jani. Mwagia kidogo, funika kwa mfuko mweupe unaopitisha mwanga, weka pasipopigwa na jua.

Mizizi hutoka baada ya wiki 3 au 4, watoto baada ya wiki 6 hadi 10. Usilivute jani kuchungulia, utaikata mizizi. Mtoto akiwa na majani ya sm 2 hivi, mtenganishe na umpe chungu chake cha sm 6 au 7. Chungu kikubwa ni kosa: udongo usio na mizizi hubaki na maji, na huo ndio mwanzo wa kuoza.

Weka dirishani panapoingia jua la asubuhi tu. Vikonyo vikirefuka na majani kusimama juu, mwanga ni hafifu. Majani yakipauka na kujikunja, jua limezidi.

Kumwagilia ndiko kunakoua mingi. Subiri udongo wa juu ukauke, tia maji kwenye kisahani, na baada ya dakika 30 mwaga yaliyobaki. Maji baridi yakidondokea jani lenye joto huacha madoa meupe yasiyofutika. Kwa hiyo Lushoto, maji yalale ndani ya nyumba kwanza. Pwani, maji ya kisima yenye chumvi huozesha vikonyo vinapogusa ukingo wa chungu. Kinga maji ya mvua uyatumie hayo. Mbolea ya maji, robo kijiko cha chai kwa lita 4, inatosha.

Mmea ukilegea huku udongo umelowa, usiongeze maji. Mizizi imeshaoza: chukua majani mazima uanze upya. Vidungata, ile pamba nyeupe vikonyoni, vifute kwa pamba yenye spiriti. Lakini moyo ukijikunyata, ukawa mgumu wenye manyoya ya kijivu, hao ni utitiri, na hapo usihangaike na dawa. Mmea huo, chungu na udongo wake, tupa mbali na mingine.