Pado au manuali? Namna ya kuchagua giaboksi ya gari ya spoti kabla hujatuma hela Japan

Wakuu huu ubishi hauishi. Ukisema tu unatafuta gari ya spoti, mmoja atakwambia kama haina klachi hiyo ni teksi, mwingine atasema manuali ni ya wazee maana hata Formula 1 wanatumia pado. Wote wana ukweli kidogo na wote wanaweza kukuingiza chaka, kwa sababu pado ni swichi tu ya kubadilishia gia iliyokaa nyuma ya usukani. Unachotakiwa kuuliza ni hiyo swichi inaamrisha giaboksi gani, na hiyo gari ilitengenezwa ili ikupe nini.

Anza hapo kwenye giaboksi, maana hapa ndo watu wanapigwa. Subaru WRX S4 na Levorg zina pado nzuri tu kwenye usukani, lakini ndani ni CVT, yaani cheni na puli, gia za kuhesabu hamna, ukivuta pado kompyuta inaigiza kama vile umebadilisha gia. Gari inakimbia sawa, S4 sio mchezo, ila kama wewe ni mtu wa msimamo mkali, yaani unataka gari ya spoti isiyolegezwa kwa starehe, hutadumu nayo mwezi, chukua WRX STI yenye klachi yako mwenyewe. Halafu kuna auto ya kawaida ya tokikonvata (inapitisha nguvu ya injini kwa oili badala ya klachi) iliyowekewa pado, hii ndo utaikuta kwenye Toyota GR86 ya auto, Mazda MX-5 ya auto na GR Supra. Hii ina gia za kweli, na ile ya gia 8 ya Supra ni nzuri sana, lakini angalia mambo: Supra ilitoka 2019 ikiwa auto tupu, watu wakapiga kelele weee mpaka 2022 Toyota wakaleta manuali kwenye ile ya lita 3. Yaani auto nzuri ilikuwepo na bado watu walitaka mguu wa kushoto upate kazi.

Aina ya tatu ni klachi moja ya kawaida inayobonyezwa na hidroliki badala ya mguu wako, kama Ferrari F355 ya 1997 (Ferrari ya kwanza ya barabarani kuwa na pado) au BMW M3 E46 yenye SMG. Kila gia ikiingia kichwa kinaenda mbele kinarudi nyuma. Ukiikuta kwa bei ya kutupwa, kabla hujashangilia tafuta kwanza fundi wa mtaani kwako anayeijua pampu yake ya hidroliki, ukimkosa achana nayo.

Ya mwisho ndo mfalme, klachi mbili: PDK ya Porsche, DSG ya VW iliyoanza kwenye Golf R32 mwaka 2003, Nissan GT-R R35, Mitsubishi Evo X yenye SST. Klachi moja inashika gia 1, 3 na 5, nyingine 2, 4 na 6, kwa hiyo ukiwa kwenye ya tatu ya nne imeshapangwa inasubiri amri, ukivuta pado kinachobadilika ni klachi tu. Hakuna binadamu atakayeishinda hii kwa mkono, tusidanganyane.

Sasa pado inafaa kwenye gari ya msimamo mkali au haifai? Mi nasema inategemea gari ilizaliwa kufukuzana na saa au kukupa raha wewe dereva. Pado zilitoka kwenye mbio, Ferrari 640 ya 1989, ili dereva asitoe mkono kwenye usukani, na Nigel Mansell akashinda nayo mbio ya kwanza kabisa kule Brazil. Porsche wakalichukulia hilo jambo siriazi, 2013 wakatoa 911 GT3 ya PDK peke yake. Wenye imani yao wakanuna. 2016 ikaja 911 R, manuali tupu, zikatengenezwa 991 tu, na 2017 manuali ikarudi kwenye GT3. Kizazi kilichofuata GT3 ya manuali ina kilo 1,418 na ya PDK 1,435, kwa hiyo manuali ni nyepesi ila kwenye saa PDK ndo inaondoka. GT3 RS, ile kali zaidi ya kufukuzana na saa, wao ni PDK tu, hakuna kujadili. Kiwanda chenyewe kimeshakujibu hapo. Na kwa wanaosema bila pado huwezi kwenda kasi, zile gari za Rally1, daraja la juu la mbio za rali za dunia, zilipoanza 2022 ziliondolewa pado wakarudisha mti wa gia, na dereva Kalle Rovanperä akabeba Safari Rally pale Naivasha mwaka huohuo.

Kingine ujiulize utaendesha wapi. Barabara zetu ukitoka Dar kwenda Moro ni vibao vya 50 kila kijiji na tochi zimejificha kwenye vichaka, GT-R hapo utaishi gia ya pili na ya tatu huku umeshika pado hazina kazi. Gari nyepesi yenye nguvu za kawaida na manuali, mfano GR86 au MX-5, kwenye kona za kupanda Lushoto inakupa kazi ya mikono na miguu hata ukiwa spidi ndogo. Upande wa pili, kama unakaa Mbezi na unaingia Posta kila asubuhi, ile foleni na klachi nzito mtagombana, na hakuna aibu kuchukua ya pado. Kwa gari yenye farasi zaidi ya 500 hivi mi mwenyewe ningechukua pado.

Ukiipata ya kujaribu usiishie kuzunguka yadi. Iweke modi ya manuali, vuta gia ya pili mpaka mstari mwekundu halafu usifanye kitu. Ikijipandishia yenyewe, jua bosi sio wewe. Kisha ukiwa unafunga breki kuelekea kona vuta pado ya kushoto mara mbili harakaharaka, sikiliza kama injini inapandisha mzunguko yenyewe na gia zinashuka palepale au inafikiria kwanza. Kata kona huku umeshika usukani uone kama pado bado unaifikia, GT-R za mwanzo pado zilifungwa kwenye shina la usukani na toleo la 2017 ndo zikahamia kwenye usukani wenyewe. Kama ni klachi mbili rudi nayo rivasi taratibu kwenye mlima, ikitetemeka kama ina homa muulize muuzaji mara ya mwisho oili ya giaboksi ilimwagwa lini. DSG ya gia 6 yenye klachi za kwenye oili inataka oili mpya kila kilomita 60,000, akikwambia "hiyo haibadilishwagi" ondoka.

Ya manuali je? Weka gia ya nne ukiwa spidi 50 kanyaga mafuta mpaka chini, mshale wa mzunguko ukiruka na spidi haipandi klachi imekwisha. Na shusha kutoka ya tatu kwenda ya pili, ikikwaruza sinkro (vile vipete vinavyolinganisha mzunguko wa gia kabla hazijaingia) zimechoka.

Kwa wanaoagiza bila kuiona gari, kwenye karatasi ya mnada F5 au F6 ni manuali, FA au FAT ni auto, ila hiyo FA haikwambii kama ni CVT au tokikonvata, ziko kapu moja. Chukua namba ya modeli na ya chesisi uitafute kwanza ndo utoe bei mnadani. Na walioko Kenya kumbukeni ile sheria ya kutoingiza gari yenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo Evo X ya kuagiza msahau, tafuteni iliyoshaingia nchini.