Fuso linachemsha? Pima kwanza, hedi iache palepale

Mshale wa joto ukipanda mara mbili tu, kila kijiwe kina ushauri wake: toa themostati (vali inayofungulia maji njia ya kwenda rejeta yakipata moto), badilisha rejeta, gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha injini) imeungua. Majibu ni mengi ila hakuna aliyepima. Maelezo haya yanahusu Fuso za zamani zenye injini ya 6D16 na ndugu zake, yaani diseli isiyo na kompyuta, umeme wa volti 24. Isuzu na Scania za rika hilo zinafuata njia ileile, tofauti ni mahali vitu vilipofungwa.

Andaa multimita, themomita ya mwanga (ile yenye umbo la bastola), sufuria, kitambaa kizito na maji masafi.

Hatua ya 1: Mhoji dereva

Usishike spana kabla hujaongea naye. Gari likichemsha kwenye foleni halafu likapoa likishika mwendo, tafuta upande wa upepo: feni, mkanda, kava ya feni. Likitulia mjini lakini likachemsha na mzigo kwenye mlima wa Kitonga, maji hayazunguki vya kutosha au rejeta imeziba. Likipanda joto dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, themostati imegoma kufunguka au kompresheni (gesi ya ndani ya silinda) inaingia kwenye maji. Na mshale ukiruka pale anapowasha taa kubwa, huo ni umeme, injini haihusiki.

Muulize pia anapanda na gia gani. Wapo wanaong'ang'ania gia ya nne wakati gari linaomba ya pili. Injini inaguna, feni na pampu ya maji zinazunguka polepole, halafu lawama inaenda kwa rejeta. Akishuka gia mapema na joto likatulia, hujamaliza uchunguzi, ila umeokoa safari.

Hatua ya 2: Hakikisha joto ni la kweli

Injini ikiwa bado baridi, bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme kwenye nyumba ya themostati. Chuma kinachong'aa huidanganya themomita ya mwanga, inasoma chini ya joto halisi. Tepu nyeusi inaondoa tatizo hilo. Washa gari, liache lipate joto la kazi, kisha piga kwenye tepu.

Ukiona nyuzi 80 hadi 90 hivi huku mshale umelala kwenye nyekundu, injini ni nzima na geji ndiyo inayosema uongo. Namba ikiwa 100 na kuendelea, joto ni la kweli, ruka hadi hatua ya 4. Ikigoma kufika hata 70 baada ya mwendo mrefu, themostati imebaki wazi au hakuna kabisa, nenda hatua ya 6.

Hatua ya 3: Geji, sensa na waya wa ethi

Sensa ya geji kwenye magari haya kwa kawaida ina waya mmoja. Usiichanganye na swichi ya taa ya onyo, ambayo mara nyingi iko jirani yake. Weka swichi ya gari on bila kuwasha injini. Chomoa waya wa sensa: mshale unatakiwa kulala upande wa baridi. Gusisha waya huo kwenye bloku (mwili wa injini) kwa sekunde moja au mbili, usizidishe: mshale unatakiwa kupanda kuelekea moto. Ukitii kote kuwili, geji na waya ni vizima, mtuhumiwa ni sensa.

Itoe injini ikiwa ya baridi, itumbukize ncha yake kwenye maji yanayopata moto na pima omu (ukinzani wa umeme) kwa multimita. Namba inatakiwa kushuka taratibu kadiri maji yanavyopata joto. Ikirukaruka, tupa. Unapofunga mpya, usiiviringishie tepu nyeupe ya mafundi bomba kwa wingi: nyuzi za skrubu za sensa ndizo njia yake ya kurudisha umeme kwenye bloku, ukizifunika mshale utalala hata injini ikiwaka moto.

Kisha ethi, yaani njia inayounganisha bloku na hasi ya betri. Injini ikiunguruma na taa zimewaka, gusa bloku kwa waya mwekundu wa multimita na hasi ya betri kwa waya mweusi. Ikizidi volti 0.2, fungua waya wa ethi, kwangua kutu, kaza. Geji ya mafuta na ya joto zikipanda kwa pamoja, usiguse sensa yoyote kabla hujafanya hivi.

Hatua ya 4: Maji, kifuniko, mkanda, mipira

Kila kitu hapa kifanyike injini ikiwa baridi. Kifuniko cha rejeta kikifunguliwa kwenye moto kinamwaga maji yaliyopita nyuzi 100 usoni kwako.

Kifuniko chenyewe hudharauliwa mno. Kina namba ya presha, kwa mfano 0.9 au 1.1, na kazi yake ni kubana presha ili maji yasichemke mapema. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 94. Pwani ni 100. Kifuniko kizima cha 0.9 huko pwani kinasogeza mchemko hadi karibu 118. Kwa hiyo gari linalotulia Dar linaweza kumwaga maji nyanda za juu kwa sababu ya raba iliyokauka tu. Raba ikiwa na mpasuko au springi imelegea, badilisha, na fuata namba ya kiwanda. Usipandishe.

Mkanda ukiubonyeza katikati kwa dole gumba uingie milimita 10 hadi 15. Mpira wa chini wa rejeta uangalie mtu akikanyaga mafuta: ukinyonywa ukabonyea, springi ya ndani imeoza na maji hayapiti.

Hatua ya 5: Feni na rejeta

Injini ikiwa ya moto na imezimwa, zungusha feni ya klachi kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito. Ikizunguka kwa uhuru, au kuna oili imevuja katikati yake, klachi ya feni imekufa. Kava ya feni kama ilitolewa ili kazi iwe rahisi, irudishwe. Bila hiyo feni inazungusha hewa ya moto ya injini badala ya kuivuta kupitia rejeta.

Osha mapezi kwa maji ya presha ndogo, kutoka upande wa injini kwenda nje. Kwenye yenye turbo, tazama pia uchafu uliojibana kati ya intakula (kipoza hewa ya turbo) na rejeta. Kisha washa, ipate moto, na tembeza themomita juu ya rejeta yote. Sehemu zilizopoa ghafla katikati ya sehemu za moto ni mirija iliyoziba, kwa kawaida kwa kutu na chumvi ya maji ya visima. Hiyo ni kazi ya fundi rejeta, aifungue na kuisafisha kwa ndani.

Hatua ya 6: Themostati

Hapa ndipo ninapogombana na mafundi wengi. Kuitoa si matengenezo. Nyingi za injini hizi zina themostati yenye kisahani cha chini kinachoziba njia ya mkato pale maji yanapopata moto. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Mlimani utachemsha vilevile. Barabara tambarare injini itakimbia baridi: mafuta yanaliwa zaidi, moshi mweupe asubuhi, oili inachakaa mapema na silinda zinalika.

Ipime. Ichemshe kwenye sufuria ikining'inia kwa uzi mwembamba uliobanwa mdomoni mwake, isiguse chini. Joto la kufunguka limegongwa kwenye mwili wake, kwa mfano 76.5 au 82. Ikifika hapo inaanza kuachama, inauachia uzi na kudondoka. Ichemshe zaidi ya hapo kwa nyuzi 10 hadi 15, inatakiwa iwe wazi kabisa. Unapoifunga, kale kapini kadogo kanakochezacheza kawe juu, ndiko hewa inakopitia.

Hatua ya 7: Mapovu

Injini baridi, kifuniko wazi, rejeta imejaa. Washa, iache silensa (iungurume bila kukanyaga mafuta), tazama shingoni mwa rejeta. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki. Yakiendelea bila kukoma, na mpira wa juu unakakamaa kabla maji hayajapata joto, watu wengi wanaanza kufungua hedi.

Subiri. Kwenye breki za upepo, kompresa (pampu inayojaza upepo wa breki) nayo mara nyingi inapozwa na maji ya injini hiyohiyo. Gasketi yake ikivuja, inasukuma upepo kwenye maji na kuiga hedi iliyoungua kwa kila kitu. Jaza matenki ya upepo hadi usikie ule mlio wa kupumua. Mapovu yakikatika pale, kisha yakarudi kompresa inapoanza kujaza tena, umempata. Kuthibitisha, fungua vali za kumwagia maji za matenki ili kompresa isibebe mzigo, unganisha mipira yake miwili ya maji pamoja, na uwashe silensa dakika chache tu. Maji yakitulia, gasketi ya kompresa ni bei ndogo sana ukilinganisha na kukwangua hedi.

Yakiendelea hata hivyo, na hasa kama kuna oili nyeupe kama maziwa kwenye kijiti cha kupimia oili, hapo sasa fungua hedi, na ipelekwe ikapimwe nyufa kabla ya kununua gasketi.

Hatua ya 8: Kujaza

Changanya kulanti (dawa ya kupozea injini) na maji masafi nusu kwa nusu. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi. Pua ya gari iwe juu kidogo, bomba la hita wazi, jaza polepole injini ikiwa silensa mpaka mpira wa juu upate moto na mapovu yaishe. Funga, endesha na mzigo, piga tena kwenye ile tepu nyeusi na uandike namba hiyo ndani ya mlango wa dereva. Asubuhi angalia kiwango: kama kimeshuka kidogo ongeza, kikishuka tena kesho yake kuna uvujaji, rudi hatua ya 4 na tochi.