Namna ya Kubadili Mtazamo wa Walimu Kuhusu Elimu Jumuishi

Mwalimu mkuu anayempokea mtoto mwenye ulemavu katika shule ya kawaida hapa Tanga, iwe Ngamiani au Pongwe, hakosi kusikia ofisini kauli hii: "Mimi sikusomea elimu maalumu." Kauli hiyo isichukuliwe kuwa ukaidi. Mara nyingi ni hofu ya mwalimu mwenye darasa lililofurika ambaye hajawahi kuonyeshwa afanye nini, na kwa maoni yangu hofu ya namna hiyo haiondolewi kwa hotuba wala kwa kusomewa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Huondoka pale mwalimu anapofanikiwa kumfundisha mtoto mmoja.

Anzeni, basi, na mtoto mmoja. Tuseme ni mwanafunzi mwenye ualbino, ambaye kwa kawaida huwa na uoni hafifu na huumizwa macho na mwanga mkali. Walimu wengi humweka dawati la mbele wakadhani wamemaliza, kumbe dawati lenyewe limepakana na dirisha na jua la pwani linampiga usoni tangu saa mbili asubuhi. Mhamishieni mbele, upande wenye kivuli; mruhusuni avae kofia darasani na kuusogelea ubao kila anapohitaji. Mwalimu naye aandike kwa herufi kubwa na asome kwa sauti kila anachokiandika, badala ya kunyoosha kidole na kusema "hiki jumlisha kile". Hayo hayagharimu fedha, na wanaokaa nyuma hunufaika pia. Baada ya wiki kadhaa, fungueni daftari lake mbele ya mwalimu huyo, mlinganishe kurasa za mwanzo na za sasa.

Kisha mwalimu huyohuyo aeleze uzoefu wake katika kikao cha MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni, pamoja na yale yaliyomshinda, kwa sababu walimu humwamini mwenzao wanayegawana naye vipindi kuliko mgeni wa semina.

Wapo watakaohofia wastani wa ufaulu wa shule. Waelezwe kwamba Baraza la Mitihani huwaandalia watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa, na huwaongezea dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Nanyi fanyeni vivyo hivyo katika majaribio ya darasani. Majina kama "zeruzeru" yakomeshwe ofisini kwanza, maana wanafunzi huyaokota huko.

Hata hivyo, nia njema haifundishi nukta nundu wala lugha ya alama. Mwalimu akikabidhiwa mtoto asiyeona au kiziwi bila msaada, mtazamo wake utazidi kuwa mgumu, na atakuwa na haki. Kwa hiyo andikeni barua mapema kupitia Afisa Elimu Kata, mkitaja idadi ya wanafunzi na aina ya ulemavu, mkiomba mwalimu aliyesomea fani hiyo, kama wanaohitimu Chuo cha Ualimu Patandi, na wakati mnasubiri jibu mpunguzieni mwalimu wa darasa vipindi ili apate muda wa kuandaa zana.